Mwongozo kamili: kutunga lipstiki ya maji inayokaa na isiyoachia rangi

Lipstiki ikiachia rangi kwenye kikombe, mshukiwa wa kwanza ni mafuta. Rangi yenyewe ni unga tu. Haihami mpaka ipate kitu laini cha kuibeba, na kitu hicho ni mafuta au nta iliyobaki juu ya mdomo bila kukauka. Lipstiki ya kijiti ya kawaida karibu yote ni mafuta na nta. Ndiyo maana ni raha mdomoni na balaa kwenye kola ya shati.

Kuna njia mbili za kulitatua hili. Ya kwanza ni kuitia ngozi doa. Mkemia wa Marekani, Hazel Bishop, alipoingiza sokoni lipstiki yake ya kudumu mwaka 1950, alitegemea rangi za jamii ya bromo zinazojishika kwenye ngozi yenyewe. Njia hiyo bado ipo, ila doa huwa jepesi, hubadilika rangi kutoka mdomo hadi mdomo, na halifuniki. Ya pili, inayotawala leo, ni kuacha utando: resini, yaani kitu kigumu kinachotengeneza utando, inayeyushwa kwenye kiyeyusho chepesi, unapaka, kiyeyusho kinapaa, na resini inabaki imeifungia rangi ndani yake. Mwongozo huu unafuata njia ya pili, kwa lipstiki ya maji isiyong'aa. Jina "ya maji" lisikuchanganye: ndani hamna hata tone la maji.

Hesabu ya kinachobaki

Kabla ya kupima chochote, gawa fomula yako mafungu mawili: kinachopaa na kinachobaki. Mdomo unakutana na fungu la pili tu. Watungaji wengi wapya hukwama hapa, kwa sababu wanasoma asilimia za chupani.

Chukua fomula iliyo hapa chini. Chupani mafuta ni 5% tu. Lakini katika kila g 100, karibu g 59 zinapaa, zinabaki g 41 hivi, na mafuta yale yanakuwa kama 12% ya utando. Sasa mtu anasema "mdomo unakauka mno, niongeze mafuta kidogo", anapunguza kiyeyusho g 5 na kuweka mafuta g 5. Chupani ni badiliko dogo. Mdomoni mafuta yamepanda hadi 22% ya utando, na kikombe kitalionyesha hilo asubuhi ya kwanza. Yakiwa mafuta ya nyonyo, mambo yanaharibika zaidi: hayaelewani na silikoni, hivyo yatajitenga ndani ya chupa kabla hata hujapaka.

Viungo na kazi zake

Isododekani ndicho kiyeyusho. Ni hidrokaboni nyepesi, hupaa haraka, haina harufu kali, na huyeyusha resini za silikoni bila shida. Zamani wengi walitumia siklopentasiloksani, inayoitwa D5 kwa kifupi. Kama bidhaa yako ina ndoto ya kufika Umoja wa Ulaya, iache: kuanzia tarehe 6 Juni 2027 D5 na ndugu yake D6 haziruhusiwi kufikia 0.1% hata katika vipodozi vinavyobaki kwenye ngozi.

Resini ya MQ, ambayo kwenye lebo huandikwa trimethilisiloksisilikati, ndiyo mfupa wa utando. Huuzwa kama unga mweupe au ikiwa imeshayeyushwa. Ni ngumu, haipitishi maji, na ikiwa peke yake huvunjika kama ganda la yai. Kwa hiyo inahitaji kilainishi.

Kilainishi chenyewe ni gamu ya dimethikoni, silikoni nzito kupindukia ambayo huuzwa ikiwa imechanganywa na isododekani ili iweze kumiminika. Hapa kuna mtego. Resini ya MQ ikichanganywa na gamu kwa viwango vinavyokaribiana, unapata gundi; ndivyo gundi za silikoni za plasta za kitabibu zinavyotengenezwa. Ukipita kiasi na gamu, midomo ya juu na ya chini itashikana kila mtu anapofunga mdomo. Ukiipunguza mno, utando unapasuka. Fomula hii ina sehemu karibu 7 za resini kwa 1 ya gamu, na mafuta kidogo yanasaidia ulaini.

Mafuta hayo ni fenili trimethikoni. Yamechaguliwa kwa sababu yanaelewana na silikoni na hulowesha vizuri unga wa rangi. Kazi yake kuu ni kusagia rangi. Ulaini ni ziada.

Udongo wa hektoraiti uliotibiwa, disteardimoniamu hektoraiti, huzuia rangi isizame chini ya chupa. Silika iliyotibiwa isipende maji huongeza unene, huondoa mng'ao na kupunguza kunata.

Rangi zenyewe zinunuliwe zikiwa zimepakwa silani, kemikali inayozifanya zisipende maji, kwa kawaida triethoksikaprililisilani. Rangi isiyotibiwa hupenda maji. Mate yakifika, inaanza kuutoka utando. Na hakikisha kila rangi imeruhusiwa kwa midomo, si kwa vipodozi kwa jumla. Nchini Marekani, kwa mfano, ultramarini na bluu ya feri ferosianidi zinaruhusiwa machoni lakini haziruhusiwi midomoni.

Fomula ya kuanzia, g 100

Isododekani: 37.0
Resini ya MQ, unga: 20.0
Gamu ya dimethikoni, 20% ndani ya isododekani: 15.0
Jeli ya hektoraiti (maelezo yako hatua ya pili): 12.0
Fenili trimethikoni: 5.0
Oksidi nyekundu ya chuma, CI 77491 (CI ni namba ya utambulisho wa rangi): 4.0
Titani dioksidi, CI 77891: 2.0
Leki nyekundu (rangi iliyogeuzwa kuwa unga usioyeyuka), CI 15850:1: 1.5
Oksidi nyeusi ya chuma, CI 77499: 0.5
Silika iliyotibiwa (silika sililati): 2.5
Ladha isiyo na maji: 0.3
Vitamini E: 0.2

Inatoa nyekundu ya tofali. Kama gamu uliyoipata ni ya 15% badala ya 20%, weka g 20 na upunguze isododekani iwe g 32. Gamu halisi inabaki g 3 vilevile. Ukitaka kubadilisha rangi, jumla ya unga ibaki kati ya g 7 na 10. Zaidi ya hapo resini haitoshi kuufunga, na unga usiofungwa unafutika kwa kidole mkavu.

Vifaa, na moto

Unahitaji mizani inayosoma 0.01 g, vikombe vya kioo vyenye mifuniko, mashine ya kukoroga kwa propela, homojenaiza ndogo (mashine ya kusaga na kuchanganya kwa kasi kubwa), na kinu cha roli tatu cha kusagia rangi. Asiye na kinu anaweza kutumia kioo kinene na mchi bapa wa kioo kwa bechi za majaribio, mkono utauma lakini kazi itaenda. Vaa barakoa ya vumbi unapopima silika na rangi.

Isododekani hushika moto: mvuke wake unaweza kuwaka kuanzia takriban nyuzi 45 za Selsiasi. Usiipashe moto, usifanye kazi karibu na jiko au swichi inayotoa cheche, na chumba kiwe na hewa inayotoka nje. Hakuna hatua hapa inayohitaji joto. Anayekuambia upashe resini ili iyeyuke haraka anakuokolea nusu saa kwa gharama isiyolipika.

Hatua ya kwanza: kuyeyusha resini

Pima isododekani yote, anza kukoroga mpaka katikati pafanye shimo dogo, kisha nyunyiza resini kidogo kidogo kwa dakika 10. Ukifanya kinyume, yaani kumwagia kiyeyusho juu ya resini, utapata mabonge yenye ganda laini nje na unga mkavu ndani, ambayo hayafunguki kirahisi. Funika, endelea kukoroga kwa dakika 30 hadi 60. Imekamilika pale unapoweza kusoma maandishi madogo kupitia kikombe. Ikiwa bado na ukungu, endelea. Mwisho ongeza gamu na ukoroge polepole dakika 20. Gamu ikikorogwa kwa kasi huzunguka na propela badala ya kuchanganyika.

Pima kikombe kabla na baada ya kazi. Uzito uliopungua ni isododekani iliyopaa, na lazima uirudishe. Hatua hii hurukwa mara nyingi, kisha mtu anashangaa kwa nini bechi ya pili ni nzito kuliko ya kwanza ilhali fomula ni ileile.

Hatua ya pili: jeli ya udongo

Tengeneza g 100 na uihifadhi, kwani kiasi kidogo hakishikwi vizuri na homojenaiza. Weka isododekani g 87, ongeza hektoraiti g 10, saga kwa kasi kubwa dakika 10. Itaonekana nyepesi, kama uji uliozidi maji, usihangaike. Sasa dondoshea propileni kaboneti g 3 huku mashine ikizunguka, na uendelee dakika 5 hadi 10. Itanenepa ghafla.

Propileni kaboneti ndiyo inayoingia kati ya tabaka za udongo na kuzifungua. Kipimo chake ni karibu theluthi moja ya uzito wa udongo. Ikipungua tabaka hazifunguki; ikizidi, jeli hulegea tena. Na kasi ya mashine haina mbadala: udongo uliokorogwa kwa kijiko unabaki mchanga mdomoni. Jeli ikipata joto wakati wa kusaga, simama, weka kikombe kwenye maji baridi, kisha endelea.

Hatua ya tatu: kusaga rangi

Changanya unga wote wa rangi na fenili trimethikoni mpaka upate rojo zito, kisha pitisha kwenye roli mara tatu, ukibana nafasi kila mara. Usiongeze isododekani kulainisha kazi. Itapaa juu ya roli na kuacha ukoko.

Pima chembe kwa kipimo cha mfereji cha kusaga, kibao cha chuma chenye mfereji unaopungua kina: lengo ni chini ya mikromita 15, na 10 ni bora. Bila kipimo, bana tone kati ya vioo viwili na ulitazame kwenye mwanga. Madoadoa yakionekana, rudi kwenye kinu. Leki nyekundu ndiyo sumbufu kuliko zote kwa sababu hunywa mafuta mengi. Wengine huisaga peke yake kwanza, na ni uamuzi wa busara. Rangi isiyosagika vizuri hufanya mambo mawili: hutoa michirizi, na kila bonge huwa sehemu dhaifu ambapo utando unaanzia kupasuka.

Hatua ya nne: kuunganisha

Chukua g 12 za jeli na uziongeze kwenye myeyusho wa resini, koroga dakika 10. Ongeza rojo la rangi, dakika 15. Ongeza vitamini E na ladha. Silika iwe ya mwisho, kwa kasi ndogo, kwa sababu hubeba hewa nyingi na kuruka kwa pumzi tu. Rudisha isododekani iliyopungua. Funga kikombe, kiache usiku mzima ili viputo vipande juu. Kesho yake koroga taratibu na ujaze.

Chupa ni sehemu ya fomula. Isododekani hupenya polepole kwenye plastiki nyingi laini, hasa polietilini na polipropilini nyembamba, na lipstiki inakauka ikiwa bado kwenye rafu. Kioo ni salama zaidi. PETG, plastiki ngumu inayopitisha mwanga, hutumika sana. Jaza chupa 10, zipime uzito, ziache wiki nne, zipime tena. Raba ya shingoni nayo ijaribiwe: ikivimba kwa kiyeyusho, brashi itatoka imesheheni, na tabaka nene halikauki vizuri.

Vipimo vya kufanya kabla ya kusema imekubali

Anza na kipimo cha kinachobaki. Paka g 1.00 juu ya kioo, iache sehemu yenye hewa mpaka uzito usibadilike. Lazima ubaki karibu na g 0.41. Ukipata 0.46, kiyeyusho kilipaa wakati wa kazi na hukukirudisha.

Kwa kukauka, paka tabaka jembamba upande wa ndani wa mkono na uguse kwa kidole kila dakika. Baada ya dakika 2 hadi 3 kidole kitoke safi. Kisha kipimo cha kuachia rangi: baada ya dakika 10, weka tishu nyeupe juu ya rangi iliyopakwa kwenye kipande cha ngozi bandia, ikandamize kwa uzito wa g 500 kwa sekunde 10, inua. Fanya vivyo hivyo kwa lipstiki ya kawaida na uziweke tishu pamoja. Usitoe hukumu kwa kubusu mgongo wa mkono. Nguvu ya kubusu hubadilika kulingana na jinsi mtungaji anavyotamani ifaulu.

Kwa kunyumbuka, paka juu ya glavu ya mpira iliyokazwa kidogo, ikauke, kisha ivute kwa robo ya urefu wake mara 10. Nyufa nyembamba zitaonekana kwenye mwanga wa pembeni.

Kipimo kigumu kuliko vyote ni cha mafuta ya chakula. Dondoshea tone la mafuta ya kupikia juu ya utando mkavu, subiri dakika 10, sugua mara 10 kwa tishu. Maji, chai na jasho havisumbui utando huu. Chakula chenye mafuta ndicho kinachoulainisha, na kawaida huanzia sehemu ya ndani ya mdomo. Usitarajie ushindi kamili. Kama rangi inatoka kidogo ukingoni bila kubanduka vipande, uko mahali pazuri. Tabia hiyohiyo ndiyo inayokuwezesha kuiondoa jioni kwa kisafishio cha mafuta, na hilo nalo lipime: ikihitaji kusuguliwa zaidi ya dakika moja, watumiaji wataumiza midomo yao.

Uthabiti unapimwa kwa miezi mitatu, chupa nyingine zikiwa kwenye jokofu, nyingine joto la chumba, nyingine nyuzi 40. Wengi hutumia 45, lakini kwa kiyeyusho hiki hiyo ndiyo kingo ya kuwaka; tumia 40, chupa zilizofungwa, chache kwa wakati mmoja, na kabati lisilo na cheche.

Bidhaa haina maji, hivyo bakteria hawana pa kustawi kirahisi, lakini brashi inaingia na kutoka ikiwa na mate. Kabla ya kuuza, lete matokeo ya maabara ya vijidudu na tathmini ya usalama. Kujipaka mwenyewe wiki moja hakutoshi.

Ikienda vibaya

Utando unapukutika vipande vidogo: resini imezidi, au umepakwa tabaka nene, au umepakwa juu ya mafuta ya midomo. Jaribu kwanza kwenye mdomo uliofutwa vizuri. Ikiendelea, punguza resini kwa g 2 na uongeze mchanganyiko wa gamu kwa g 2, usikimbilie mafuta.

Midomo inashikana: ama haijakauka, ama gamu imezidi. Kabla ya kugusa uwiano, ongeza silika g 0.5. Kuna pia suluhisho la chupa mbili, rangi kwanza na kilainishi cha kung'aa juu yake. Kilainishi hicho kisiwe cha silikoni wala chenye isododekani, maana kitayeyusha kilicho chini.

Rangi inajitenga na kufanya mistari juu ya chupa: jeli ya udongo haikufunguka. Kuongeza udongo zaidi hakutasaidia. Tengeneza jeli upya.

Rangi kavu ni nzito kuliko mbichi: hiyo ni kawaida, kwani kiyeyusho kikipaa unga unasogeleana. Linganisha rangi siku zote ikiwa kavu.

Rangi nyeusi au za zambarau zinaonekana zimepauka: silika imezidi kwa kivuli hicho. Shuka hadi 1.5 na ukubali mng'ao kidogo.

Kwa foundesheni na maskara

Hesabu ya kinachobaki ni ileile, ila adui anabadilika. Uso hutoa mafuta yake mchana kutwa, kwa hiyo foundesheni nzuri saa mbili asubuhi inaweza kuanza kuteleza saa nane mchana. Resini ishuke hadi 3 hadi 6%, maana uso mzima wenye utando mgumu unavuta ngozi, na weka unga wa silika yenye vinyweleo 2 hadi 4% wa kunywa mafuta. Angalia pia kiunganishi cha maji na mafuta: kikizidi, jasho linaichanganya upya foundesheni kama ilivyokuwa chupani, na hiyo ndiyo mistari unayoiona shavuni.

Maskara ina shule mbili. Ile ya nta na isododekani hustahimili maji na machozi, lakini nta hulainika kwa mafuta ya kope. Ndiyo maana huweka kivuli cheusi chini ya jicho hata siku ambayo mtu hajalia. Ile ya polima ya akriliki iliyotawanywa kwenye maji hufunika kila unywele kama mrija, haijali mafuta, na hutoka vipande kwa maji ya uvuguvugu. Anayelalamika kuhusu weusi chini ya jicho mpe ya pili, hata kama ameomba ile ya kuzuia maji.